Sehemu ya 4: Madumu ya njano, IST yangu na mama

Nimetoka naiti asubuhi hii, nimeoga, nimekunywa chai na viazi vya jana, na kabla usingizi haujanibeba nataka nilipe deni. Wiki nzima mmenijazia inboksi: "Sista, ile ya magari uliyotuahidi iko wapi?" Haya, ndiyo hii. Ni ndefu. Kama uko kwenye foleni ya benki utaimaliza kabla hujaitwa dirishani.

Kwa wageni: mimi ni nesi, naishi Maganzo, kwenye lami ya Shinyanga kwenda Mwanza, pale unapokata kuelekea Mwadui kwenye almasi. Sehemu tatu zilizopita nilikuwa naandika mambo ya leba. Leo naandika jinsi mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye IST ya kununua kwa mkopo, alivyoanza kuzungusha gari kwenye uwanja wa vumbi huku watoto wa mtaa wakisema nesi kachanganyikiwa.

Ilianza na ajali, na kosa lilikuwa langu. Mwezi wa tatu mwaka juzi nilimchukua mama kijijini, mvua imenyesha usiku kucha. Nyie wa huku mnajua udongo wa mbuga ukilowa, ule mweusi. Unageuka sabuni. Nilikuwa kama 50 hivi, nikaona mbuzi, nikakanyaga breki kwa nguvu zote na usukani nikaukata kwa wakati mmoja. Gari halikukata. Pua ilienda moja kwa moja kama vile usukani haujaunganishwa na kitu chochote, halafu tairi zikashika ghafla kwenye ukingo, tukaingia mtaroni kwa ubavu na kugonga kalavati. Mbuzi akaondoka zake. Mama alikuwa amefunga mkanda, namshukuru Mungu, lakini alivunjika mfupa wa mtulinga upande wa kushoto. Nilimfunga mkono kwa khanga yake mwenyewe, palepale, mikono inanitetemeka, mimi ambaye kazini nikifunga mtu sitetemeki.

Mfupa ulipona baada ya wiki kadhaa. Mama ndiye hakupona na gari langu. Akija Maganzo anapanda boda au anabanana kwenye mchomoko, watu saba kwenye gari la watu watano, lakini kwangu hapandi. Hakuwahi kunilaumu kwa mdomo. Anasema tu, "Wewe nenda, mwanangu, mimi nakuja." Sijui kama mnanielewa. Bora angenitukana.

Sasa kuna mzee mmoja fundi hapa, sitamtaja jina maana hapendi. Ndiye aliyenyoosha gari. Siku nakwenda kulichukua akaniuliza: "Sista, uliposhika breki ulikuwa unaangalia nini?" Nikasema mbuzi. Akasema, "Baadaye?" Nikasema mtaro. Akacheka, "Basi ndiyo maana ukaenda mtaroni." Nilikasirika, lakini usiku nikawa nafikiria kanula. Mwanafunzi akikodolea macho ncha ya sindano anapitiliza mshipa. Sisi tunamwambia angalia mshipa unakoelekea, mkono utafuata. Miaka yote nafundisha wanafunzi jambo hilo, na barabarani silijui.

Huyu mzee ujanani alikuwa anabeba matairi na majeki kwenye magari ya rally. Ukimpa nafasi atakusimulia mpaka chakula kipoe. Kwamba Safari Rally ilianza mwaka 1953, wakati Malkia Elizabeth anatawazwa, na ilikuwa inazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwamba mwaka 1963 na tena 1968 yalimaliza magari saba tu, mengine yote yalibaki kwenye matope. Kwamba Bert Shankland, aliyekuwa anaishi hapahapa Tanzania, alishinda 1966 na 1967 akiwa na Pijo 404, gari la aina ileile tuliyokuwa tunaiona ikibeba abiria na magunia. Kwamba Mfaransa Michèle Mouton, mwanamke, alishika nafasi ya tatu mwaka 1983. Hiyo ya Mouton alinitajia mara tatu kwa siku moja. Nadhani alishakuwa na mpango.

Mpango wenyewe ni mchezo unaoitwa autokrosi. Sio rally ya kukimbia kutoka mji hadi mji. Ni kiwanja kimoja, njia imechorwa, gari linaingia moja peke yake, saa inahesabu, ukigonga alama unaongezewa sekunde. Wenzetu Kenya wana mashindano yake ya taifa, mpaka watoto wana daraja lao linaloitwa Bambino, na vigari vyao vidogo. Kwetu hamu ya magari iko zaidi upande wa rally: Iringa, Arusha, Morogoro, Tanga. Huku Usukumani tuna baiskeli na ng'ombe. Lakini mzee akasema hatuhitaji ruhusa ya kujifunza kukata kona, tunahitaji kiwanja na mwenye kiwanja.

Kiwanja tulipata. Ni itogolo, ile ardhi ngumu isiyoota kitu cha maana, nje kidogo ya makazi. Tulimwona mwenyewe, tukamwona na mwenyekiti wa kitongoji, tukaeleza. Mwenyekiti aliuliza swali moja tu: "Mtabeti?" Tukasema hapana. Akaruhusu Jumapili jioni, baada ya mavuno, ng'ombe wakishapita.

Koni hatuna. Tulichukua madumu ya njano ya mafuta ya kula, tukatia mchanga kiganja kimoja kila moja ili upepo usiyabebe. Usijaze mchanga! Kijana mmoja alijaza ili lisianguke, bampa la mwenzake likapasuka. Dumu linatakiwa lianguke. Tuliweka sita kwenye mstari, hatua kumi na tano kati ya moja na lingine, unapita kama nyoka, mwisho unazunguka tairi bovu, unarudi, unasimama ndani ya boksi la chokaa. Ukiangusha dumu, sekunde 5 zinaongezwa.

Siku ya kwanza sikuwasha hata gari. Nilitembea njia nzima kwa miguu mara tatu, mzee yuko nyuma yangu ananiuliza: "Hapa utaangalia wapi? Hapa utaachia mafuta wapi?" Halafu akaniambia nitoe kila kitu kinachocheza ndani ya gari: jeki, tairi ya akiba, chupa za maji, Biblia, viatu vya kazini. Nilishangaa viatu tu viko jozi nne. Chupa ya maji ikiingia chini ya pedali ya breki, habari yako imeisha.

Halafu kiti. Jamani, wengi wetu tunakaa vibaya, na hii ni ya kwenu hata kama hamtagusa dumu maishani. Makalio yaingie mpaka mwisho wa kiti. Ukikanyaga breki mpaka chini, goti libaki limekunjwa kidogo. Ukinyoosha mkono juu ya usukani, kiwiko cha mkono kinachoshikana na kiganja ndicho kifike juu, sio vidole. Mikono ishike pembeni, kulia na kushoto. Mzee anasema saa tisa na saa tatu, na raha yake ni kwamba ukihesabu Kizungu au Kiswahili ni palepale.

Na tairi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nenda kaangalie zako sasa hivi, nakusubiri. Za kwangu mbili zilikuwa na umri wa mtoto wa darasa la nne, kashata zake nzuri kabisa, lakini mpira umekauka kama ngozi ya kisigino. Upepo nao tulikuwa tunajaza kwa kubonyeza kwa mguu. Kipimo kimeandikwa kwenye kibandiko, fungua mlango wa dereva utakiona.

Mizunguko ya kwanza nilitumia sekunde 71, nikaangusha madumu manne kati ya sita. Kijana wa bodaboda mwenye kagari kadogo kama kangu alitumia 49. Nilijiona mjinga. Kosa langu lilikuwa lilelile la mtaroni: nafika kwenye dumu na mwendo mkubwa, naogopa, nakanyaga breki huku nakata. Tairi ni kama nesi mmoja wa zamu. Ukimpa wagonjwa wa kusimama atawahudumia, ukimpa wa kukata kona atawahudumia, ukimrundikia wote kwa wakati mmoja ataacha kila mtu. Kwa hiyo breki inakanyagwa ukiwa bado umenyooka, halafu unaiachia taratibu, ndipo unakata, ndipo unarudisha mafuta. Na IST inavutwa na tairi za mbele, ikikataa kukata usiendelee kuzungusha usukani. Achia mafuta, rudisha usukani kidogo, zitashika. Kuandika ni rahisi. Mguu ulinichukua mwezi mzima kuuelewa.

Tulifanya pia breki ya ghafla, 40 mpaka sifuri. Gari lenye ABS ukikanyaga sana pedali inatetemeka na kukoroma. Wengi wanaogopa wanaachia. Usiachie. Kule kukoroma ndiko kunakufanya uweze bado kukata na kumkwepa huyo mbuzi. Mimi mwaka juzi nilidhani gari linaharibika, nikaachia, nikakanyaga tena. Nilipogundua hilo pale uwanjani nilizima gari nikakaa kimya muda kidogo. Mzee hakusema kitu, alikwenda kusimamisha madumu.

Baadaye tukahamia luseni, ule mchanga, ambako gari linaelea polepole na unapata muda wa kufikiri. Kwenye mbuga iliyolowa hakuna muda huo. Nilimwomba mzee tujaribu mbuga masika, akakataa. Alisema, "Kwenye mbuga dawa ni moja, Sista. Usiwe na haraka. Au subiri ikauke."

Hapa lazima niseme kitu ambacho sijamwambia mtu. Mwezi wa pili nilishafika sekunde 50, bila kuangusha. Nikawa najisikia. Jumatatu moja nikitoka Shinyanga mjini nilijikuta kwenye lami niko 110, nalipita lori kwenye kilima kidogo, na moyo umetulia kabisa. Hicho kutulia ndicho kilichonitisha baadaye, nilipokuwa naweka gari pembeni. Kazini nawaona wanaoletwa. Boda na boda, boda na lori. Ukitoka 40 kwenda 80 mwendo umezidi mara mbili, lakini nguvu ya kugonga inazidi mara nne. Hilo najua kama jina langu. Kwenye 80 gari linakula mita 22 kila sekunde, unapepesa macho umeshapita nyumba mbili.

Nikaanza kusoma. Kumbe Norway waliwahi kufundisha madereva wapya kudhibiti gari kwenye utelezi, na walipofuatilia, miaka ya 1980, wakakuta vijana wa kiume waliofundishwa walipata ajali za utelezi zaidi, sio pungufu. Walijiamini. Nilimpelekea mzee habari hiyo nikitegemea atabisha. Hakubisha. Aliniambia nimpe ufunguo, akakaa nao wiki mbili. Nikaenda kazini kwa mguu, hasira mpaka za machozi. Sasa tuna sheria: anayeonekana anakimbiza gari barabarani, uwanjani haji. Tumeshamfukuza mmoja, alikuwa ndiye bora kuliko sisi wote.

Kwa wanaotaka kuanza: kofia ngumu, hata ya boda, lakini iwe nzima na ifungwe. Mkanda. Gari moja tu uwanjani. Watoto nyuma ya kamba, na mtu mzima mmoja kazi yake ni watoto tu, asiangalie gari. Mtungi wa kuzimia moto. Mimi naleta boksi langu la huduma ya kwanza, na tangu tuanze nimelifungua mara moja, kijana alijichoma na redieta. Usitumie gari la mtu, na usiende kama breki zako unazisikia zikisaga.

Mama sikumwambia. Aliambiwa kanisani. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tisa nilimwona anashuka kwenye boda pembeni ya uwanja, amefunga kitenge chake cha sikukuu, vijana wakamtafutia ndoo akakaa. Nikajua leo nitasemwa mbele za watu. Mzee akampa simu yenye saa, akamwonyesha pa kubonyeza. Zamu yangu ikafika, nikaingia. Nilikuwa naangalia kila kitu isipokuwa madumu, nikaangusha la tatu na la tano.

Nilipofika kwake alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili kama yai. "Hamsini na sita," akasema. "Na mawili umeangusha. Nimeona." Nikasema ndiyo mama. Akauliza kama hilo ndilo gari lilelile. Nikasema ndilo. Alilizunguka, akaligusa ule mlango wa kushoto uliopigwa rangi upya, akaniuliza natoka uwanjani saa ngapi, maana boda wake alishaondoka.

Alikaa kiti cha nyuma, sio mbele. Alifunga mkanda mwenyewe, akauvuta mara mbili kuona kama umeshika. Mpaka nyumbani sikuzidi 40, na alikuwa anaangalia ile mishale ya dashibodi katikati ya viti safari nzima. Pale kwenye tuta karibu na soko aliniambia, "Breki. Bado umenyooka." Sijui nani alimfundisha.

Sehemu ya 5 nitarudi leba, nimeahidi. Sasa naenda kulala, leo usiku nina zamu tena. Aliyeangalia tarakimu za tairi zake aniandikie hapa chini amekuta mwaka gani.