Hata Paulo Alikata Rufaa

Jumapili moja baada ya ibada ya kwanza, mama mmoja anayeuza vitenge Kariakoo alitusubiri nje ya ofisi ya usharika. Hakutaka kukaa. Alitupa simu yake tusome. Alikuwa amekopa kwa aplikesheni ya simu, marejesho yakachelewa, na wakopeshaji wakatuma picha yake kwa watu waliomo kwenye simu yake: wateja, mashemeji, wanakwaya wenzake. Chini ya picha waliandika kwamba ni mwizi.

Ujumbe ule ulikuwa umetufikia hata sisi, siku tatu kabla. Tuliusoma, tukanyamaza. Hatukumpigia.

“Mchungaji, nisamehe tu, au niende polisi?”

Ni rahisi kujibu: samehe, mwachie Mungu. Lakini kusamehe si kumwacha mkosaji aende kumuumiza na mwingine. Mtume Paulo alipoona haki inapindishwa, alikata rufaa kwa Kaisari (Matendo 25), wala imani yake haikupungua.

Deni ni deni, naye atalilipa. Kudhalilishwa ni jambo jingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Iko pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake hupokea malalamiko. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja aplikesheni 69 za mikopo zisizo na leseni.

Tulimwambia asifute kitu. Tukapiga picha za skrini zenye namba, tarehe na saa, kisha tukamsindikiza Kituo cha Polisi Msimbazi. Aliandika maelezo, akapewa RB. Jalada bado liko wazi.

Njiani, katikati ya mikokoteni na makuli, tulimwomba radhi kwa kunyamaza kwetu. Alisema, “Nilijua mmeuona, Mchungaji.”

Wapendwa, amri ya nane tuliikariri kipaimara: tusimshuhudie jirani uongo, bali tumtetee. Ujumbe wa kumchafua mwenzako ukikufikia, usiusambaze, wala usinyamaze. Mpigie.