Meno ya Pamba

Naomba msicheke kabla sijamaliza. Habari ninayoleta ni ya meno. Si meno yangu, bali ya sungura wangu, Pamba.

Pamba nilimnunua likizo ya Agosti kwa pesa nilizopata nikichuma majani chai katika shamba la mjomba, huku kwetu Litein. Alikuwa jike, mweupe pe, macho mekundu. Nilimjengea kibanda cha mbao na wavu wa waya nyuma ya jikoni. Baba alitazama kisha akasema, "Hiyo ni nyama, usije ukaizoea." Nikaizoea.

Shule yetu ni ya kutwa. Mimi hurauka saa kumi na moja alfajiri, na nikirudi jioni giza limeshaingia. Kwenda kukata nyasi nikaona ni kazi bure. Nikawa namtupia Pamba ugali uliolala, pumba na kabichi. Alikula, akanenepa, nami nikajiona mfugaji hodari.

Mwezi wa Januari mambo yakageuka. Pamba alilisogelea jani, akalinusa, akalishika kwa midomo, kisha likaanguka. Kidevu kililowa mate na manyoya ya shingo yakagandamana. Alikonda hadi mifupa ya mgongo ikahesabika. Ati sungura, yule mjanja wa hadithi anayewashinda simba na fisi, ameshindwa na jani la sukuma wiki! Nilipompanua midomo nilipigwa na butwaa. Meno ya chini yalikuwa yamechomoza nje kama pembe, na ya juu yamejikunja kuelekea ndani.

Baba alipoelezwa alitamka neno moja tu: "Jumapili." Nilijua maana yake.

Usiku ule nilichukua kikata kucha cha dada yangu, nikamshika Pamba kati ya magoti, nikabana. Kah! Jino lilipasuka kwenda chini, damu ikatoka. Pamba alilia. Wengi hudhani sungura hana sauti. Wacha tu, akiumia sana hulia kama mtoto mchanga. Nilimrudisha kibandani huku natetemeka.

Asubuhi kogo, yaani nyanya yetu, alinikuta pale nimeinama.

"Kuna nini, mjukuu wangu?"

"Ni waya, kogo. Ameng'ata waya."

Alimtazama Pamba, akanitazama mimi, akaingia ndani. Alirudi na shilingi mia mbili zilizofungwa kwenye kitambaa. "Mpeleke kwa daktari wa ng'ombe. Baba yako nitaongea naye mimi." Niliongeza mia tatu nilizokuwa nimeweka za kununua riwaya tunayosoma darasani.

Jumamosi nilimtia Pamba kikapuni, nikapanda boda boda. Wenye mbwa na ndama waliangua kicheko waliponiona. Daktari hakucheka. Alimulika tochi mdomoni muda mrefu, akanieleza kwamba sungura ana meno 28 na yote hukua maisha yake yote. Ya mbele huongezeka karibu milimita 2 kwa wiki; hiyo ni kama sentimita 10 kwa mwaka! Yanayoyasaga yasirefuke ni nyasi, zinazotafunwa kutwa kucha.

"Wewe ni mtu wa Kericho," akasema. "Mchai usipochumwa wala kupogolewa huwa nini?"

"Huwa mti mrefu, daktari."

"Basi. Na ugali haupunguzi jino."

Aliniuliza kama Pamba huvuta waya wa kibanda. Kumbe! Kila jioni akisikia hatua zangu huvuta wavu kwa meno, nami nilidhani ananisalimia. Hilo nalo laweza kuyapinda. Kuna na wanaozaliwa na meno yasiyokutana, na hao hawafai kuzalishwa kwa sababu watoto huweza kurithi.

"Na hili lililopasuka?"

"Ni waya, daktari."

Alinyamaza kidogo. "Watu wengine hukata kwa kikata kucha. Jino hupasuka hadi kwenye mzizi, na usaha ukaingia huko." Aliyasema hayo akiitazama tochi yake, wala hakunitazama mimi.

Alimfunga Pamba kwa taulo, akayapunguza meno kwa kimashine kidogo chenye kisahani kinachozunguka. Pamba hakulia hata kidogo. Ya nyuma yalikuwa salama. Ila nilionywa kwamba huenda nikamrudisha kila baada ya wiki chache, labda maisha yake yote.

Nimeshamrudisha mara tatu. Siku hizi nakata nyasi kabla ya kwenda shule, umande ukinilowesha hadi magotini, na nyingine nazianika juu ya paa la jikoni. Wavu wa mbele nimeutoa, nimeweka fito. Riwaya nasoma ya jirani yangu wa dawati, akimaliza yeye. Baba akipita huuliza, "Nyama yangu haijambo?" kisha humtupia konzi ya nyasi akidhani simwoni.

Lile jino lililopasuka limeota likiwa limeenda upande. Kogo hadi leo anaamini ni waya.