Tiketi si Kiti: Kutoka Nyabugogo Hadi Reli za Mbali

Anayetaka kuujua mji wa Kigali asianzie juu ya vilima vyake, penye maofisi na mahoteli. Na ateremke bondeni, Nyabugogo, alfajiri, wakati ukungu ungali umelala juu ya mto. Hapo, katika kituo kikuu cha mabasi, ndipo njia za nchi hii hukutana: ya kaskazini iendayo Musanze na Rubavu, ya kusini iendayo Muhanga na Huye, na ya mashariki iendayo Kayonza hadi mpaka wa Rusumo. Hapo utamkuta askari anayerejea kikosini, begi begani na viatu vimeng'arishwa. Mama mwenye mtoto mgongoni na kapu mkononi. Mwanafunzi mwenye godoro lililofungwa kwa kamba. Kila mmoja wao anatafuta jambo moja tu, nalo ni kiti.

Wengine watasema kwamba kiti ni jambo dogo. Lakini kwa mtu wa safari ndefu, hasa mzee, mjamzito au mwenye watoto, kiti ndicho safari yenyewe. Mimi nimejifunza hivyo kwa gharama, na ningependa msomaji ajifunze bila kulipa.

DESTURI YA NYABUGOGO

Utaratibu wa mabasi ya mikoani hapa Rwanda ni mwepesi. Msafiri hufika dirishani, hutaja aendako na saa aitakayo, hulipa kwa fedha taslimu au kwa simu, kisha hupewa tiketi. Nauli haipatanwi, kwa kuwa hupangwa na mamlaka ya udhibiti, RURA. Basi likijaa, tiketi za saa hiyo zimekwisha, na mtu hungoja la saa inayofuata. Kusimama ndani ya basi la masafa marefu hakuruhusiwi, na polisi wa barabarani hawachelewi kulisimamisha gari na kuhesabu vichwa.

Kwa hiyo mkazi wa Kigali amezoea kuamini kwamba tiketi ni kiti. Aghalabu tiketi yake haina namba. Ina saa tu, naye huketi palipo wazi. Mradi ameshika tiketi, ana hakika ya kukaa. Desturi hii ni njema, lakini inatulemaza. Inatufanya tusiulize swali ambalo ng'ambo ya mpaka kila msafiri hana budi kuliuliza: kiti changu ni namba ngapi?

SAFARI YA DODOMA

Mwezi wa Desemba mwaka 2023 dada yangu aliyeolewa Dodoma alijifungua mapacha. Mama yetu, mwenye umri wa miaka 71 na goti linalomsumbua tangu zamani, alisema hatakubali kuwaona wajukuu katika simu. Nauli ya ndege hatukuiweza. Basi nikaenda kukata tiketi mbili wiki mbili kabla ya safari, nikamweleza karani kwamba nahitaji viti vya mbele, karibu na mlango, kwa ajili ya mgonjwa wa goti.

"Usiwe na wasiwasi, dada, nafasi zipo," alinijibu, akaandika majina yetu, tarehe na saa. Mahali pa namba ya kiti alipiga mstari. Niliuona mstari ule kwa macho yangu, nisiseme neno. Niliona haya kumsumbua mtu aliyekuwa na foleni mbele yake.

Siku ya safari lilikuja basi jingine, dogo kuliko lile tulilotazamia. Viti vya mbele vilikuwa vimekwisha kukaliwa na watu wenye namba zilizoandikwa. Nilipoonyesha tiketi yangu nilijibiwa kwa adabu kwamba ni halali kabisa, na kwamba tutasafiri. Na kweli tulisafiri. Mama alikaa kiti cha nyuma kabisa, katikati ya watu watano, mahali ambapo kila shimo la barabara hupanda moja kwa moja hadi kiunoni. Kutoka Kigali hadi Dodoma ni takribani kilomita 1,000.

Pale Rusumo, penye daraja juu ya mto Akagera na maporomoko yake, abiria wote hushuka kwa ajili ya ukaguzi wa hati. Tangu mwaka 2016 huduma za mpakani za nchi mbili hutolewa chini ya paa moja, na hilo limepunguza usumbufu mwingi. Hata hivyo mama hakuweza kushuka ngazi peke yake. Abiria wawili wasiomjua walimshika mikono. Wengine walisimama kutazama maji yakianguka, mimi nikatazama mguu wa mama ukivimba.

Tulipofika Kahama, kijana mmoja aliyeketi kiti cha pili kutoka mlangoni alikuja nyuma, akainama, akasema, "Shikamoo mama. Njoo ukae pale kwangu, mimi bado nina magoti." Alikaa mahali pa mama hadi Dodoma. Mungu ampe heri popote alipo. Lakini wema wa mtu hauuzwi dirishani, na mwenye busara haupangii safari.

Mama aliwapakata wajukuu wake akiwa amelala kitandani siku tatu za kwanza. Hakunilaumu. Aliniambia tu, "Mwanangu, ulilipa njia, hukulipa kiti."

MAMA NA GARIMOSHI

Neno lile halikuniacha. Tulipoamua kwenda tena, mwaka 2025, nilikataa kutoa fedha mpaka namba mbili zimeandikwa kwa wino mbele yangu: ya mama na yangu. Kutoka Dodoma tulikusudia kuendelea hadi Dar es Salaam, mama akaione bahari, na safari hii kwa garimoshi.

Msomaji akumbuke kwamba Rwanda haina reli. Si kwamba haikutazamiwa. Wajerumani, waliokuwa wameianzisha Kigali mwaka 1907 kwa mkono wa Richard Kandt, walianza mwaka 1914 kujenga tawi la reli kutoka Tabora kuelekea mto Kagera. Vita kuu ya kwanza ikazuka, kazi ikakoma. Siku hizi mpango wa kuiunganisha Kigali na Isaka kwa reli umo katika makubaliano ya Rwanda na Tanzania. Hadi itakapojengwa, anayetoka Kigali huikuta reli ugenini.

Treni ya umeme ya Tanzania ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Mwendo wake hufikia kilomita 160 kwa saa. Tiketi yake huandikwa jina la msafiri, namba ya behewa na namba ya kiti, naye huombwa kitambulisho kabla ya kupanda. Mama aliisoma tiketi yake mara tatu. Alipokiona kiti chenye namba ile ile aliyoishika mkononi, dirishani, alikipapasa kwanza kabla ya kukaa. "Hiki ni changu hadi pwani?" aliuliza. Nikamwambia ni chake, na hakuna atakayemwinua. Alitazama milima ya Morogoro ikipita bila kuushika mguu wake hata mara moja.

HUKO ULAYA

Mtu atadhani kwamba matatizo haya ni ya kwetu tu. Sivyo. Mdogo wangu anasoma Brussels, na likizo moja alinunua pasi ya reli, ambayo kwa malipo ya mara moja humruhusu mtu kupanda treni za nchi nyingi za Ulaya kwa siku kadhaa. Kwa wakazi wa Ulaya pasi hiyo huitwa Interrail, nayo ilianza mwaka 1972. Kwa wageni watokao nje, kama mimi na wewe, huitwa Eurail. Kijana wetu, mtoto wa Nyabugogo, aliamini kwamba pasi ni kiti.

Alifika Paris akikusudia kwenda Marseille kwa TGV, treni ya kasi ifikayo huko kwa muda wa saa tatu na dakika chache. Akaambiwa kwamba katika treni hizo mwenye pasi hana budi kuweka kiti mapema na kulipa ada ya ziada, na kwamba viti vilivyotengwa kwa wenye pasi vina idadi maalumu. Vya siku ile vilikuwa vimekwisha. Pasi yake ilikuwa halali, kama tiketi yangu ya Dodoma. Alisafiri kwa treni za polepole za mikoa, akibadilisha Lyon, akafika usiku.

Kwa faida ya wenye vijana wao masomoni au kazini huko, kanuni yenyewe ni hii. Treni za kasi za Ufaransa, Italia na Hispania hudai kiti kiwekwe kabla. Vivyo hivyo treni ya Eurostar, na treni za usiku zenye vitanda. Katika Ujerumani, Austria na Uswisi, mwenye pasi huweza kupanda treni nyingi bila kuweka kiti. Hata hivyo, asipoweka, huenda akavikuta viti vyote vina wenyewe, akasimama mlangoni. Kuruhusiwa kupanda ni jambo moja; kupata pa kukaa ni jingine.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Msafiri wa Kigali azingatie haya.

Kwanza, akate tiketi mapema na aitazame kabla ya kuondoka dirishani. Pasipo na namba, aombe iandikwe. Aulize pia basi lina viti viwili kwa viwili au vitatu kwa viwili, maana namba ile ile katika basi jingine huwa mahali pengine kabisa.

Pili, aangalie kalenda. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, na asubuhi, tangu saa mbili hadi saa tano, usafiri husimama. Shule zinapofungwa na kufunguliwa, na wiki za Krismasi na Mwaka Mpya, Nyabugogo hufurika. Askari anayepewa likizo ya siku chache asipoteze moja yake katika foleni. Mkewe au nduguye amtangulie kukata tiketi.

Tatu, aangalie saa. Tanzania, Uganda na Kenya zimetutangulia kwa saa moja. Tena tiketi ya garimoshi husomwa kwa saa za Kizungu: 05:00 ni saa kumi na moja alfajiri yetu, wala si saa tano.

Nne, asione haya kuuliza kwa ajili ya mzee au mgonjwa. Haya yangu ya dakika moja mbele ya karani, mama aliilipa kwa goti lake.

Juma lililopita nilipita tena Nyabugogo kukata tiketi ya mama. Safari hii haendi mbali, ni Huye tu, kuhudhuria ubatizo. Karani alinipa tiketi ya saa mbili asubuhi, haina namba, kama ilivyo desturi yetu. Nilipomkabidhi nyumbani, mama aliigeuza mbele na nyuma.

"Namba iko wapi?" aliuliza.

Nilimweleza kwamba kwa Huye haihitajiki, atakaa popote. Hakuridhika. Asubuhi ya safari tulikuwa kituoni saa kumi na mbili na nusu, wa kwanza katika mstari, naye akapanda kabla ya wote, akaketi karibu na mlango, mguu wake ameunyosha.