Kihispania Tusifundishwe kwa Kupitia Kiingereza

Inakera kuona Mswahili aliyehamia Madrid akifundishwa hali tegemezi ya wakati uliopita kwa kupitishwa Kiingereza kwanza, utadhani lugha yake mwenyewe haimfai kitu. Chukua "quería que vinieras", yaani alitaka uje. Mwingereza hapo hana kitenzi tegemezi. Husema tu kwamba alimtaka mtu kuja, basi. Sisi tunacho: alitaka uje, walituambia tungoje. Ile -e ya mwisho inatutoka bila kufikiri. Tofauti ni kwamba -e yetu haijali wakati. Anataka uje, alitaka uje, atataka uje: kitenzi cha kwanza kimeshabeba wakati, cha pili kimetulia. Mhispania hakubali hivyo. Akianza na "quiero" atasema "vengas". Akianza na "quería", kitenzi cha pili nacho kinarudi nyuma, "vinieras". Hapo ndipo mwalimu angepaswa kukaa nasi wiki nzima, na ndipo anapopita haraka.

Wapo watakaosema kikwazo chetu hasa ni sharti. Kwetu -nge- hukaa pande zote mbili, ningekuwa na pesa ningenunua nyumba, ilhali wao hutumia maumbo mawili: "si tuviera dinero, compraría una casa". Ni kweli, na Mswahili atateleza aseme "si tendría". Lakini hivyo ndivyo wasemavyo wengi wa Nchi ya Basque, Burgos na La Rioja, watu waliozaliwa na Kihispania, ingawa sarufi sanifu haikubali. Tena jambo likishapita, sarufi hiyohiyo inaruhusu pande mbili zifanane: "si lo hubiera sabido, hubiera venido", ningalijua ningalikuja. Fikra tunayo tayari. Iliyobaki ni kazi ya maumbo, nayo si ya kutisha. Tuvieron, dijeron, fueron: ondoa -ron, weka -ra, na kanuni hiyo haina kitenzi kinachoivunja. Umbo la -se utalikuta vitabuni na Uhispania kwenyewe, lakini -ra itakutosha huko na Amerika ya Kusini pia.

Hata adabu yake si ngeni. Mteja wa Kariakoo anayesema "nilikuwa naomba kilo ya sukari", ilhali anaiomba sasa hivi, anajua tayari kwa nini mteja wa Sevilla husema "quisiera un café": kitenzi kimesogezwa mbali na sasa ili ombi lisimbane anayeombwa.