Mtoto wa Haiti na Aliyebaki Milimani

Tarehe 26 Machi 2025 kampuni ya Marvel iliwaalika mashabiki wake kutazama viti. Vilikuwa vile viti vya turubai wanavyokalia waigizaji wakisubiri kuitwa, kila kimoja kikiwa na jina mgongoni, na kamera ikavipitia polepole kwa zaidi ya saa tano. Hapa Atlanta ulikuwa wakati wa kazi. Mombasa ilikuwa jioni, na mpwa wangu alikuwa amejilaza sebuleni kwa dada yangu Bamburi, akinitumia ujumbe kila jina lilipotokea. Letitia Wright, yaani Shuri, alipata kiti. Winston Duke, yule M'Baku, akapata. Tenoch Huerta, Namor wa chini ya bahari, naye pia. Cha Lupita Nyong'o, yaani Nakia, hakikutokea, na kundi letu la familia kwenye WhatsApp likanuna kama watu walionyimwa kadi ya harusi.

Viti vile vilikuwa vya Avengers: Doomsday, filamu iliyopangiwa Desemba 18, 2026. Tutaiona, hapana shaka. Lakini kwetu hiyo ni njia ya kupitia tu. Tunayoingoja hasa ni Black Panther ya tatu. Denzel Washington aliropoka mwezi Novemba 2024 kwamba anaandikiwa nafasi humo, na mwongozaji Ryan Coogler, baada ya filamu ya Sinners kumpa heshima ya pekee mwaka 2025, akathibitisha kwamba ndiyo filamu yake inayofuata. Tangu hapo hakuna amani. Watu wanagombana juu ya hadithi ambayo haijapigwa picha hata moja, na mimi nimegundua kwamba ugomvi wa huku na ugomvi wa kule haufanani kabisa.

Nianze na wa huku. Ninakonyolewa ni Clarkston, mji mdogo pembeni ya Atlanta uliopokea wakimbizi wengi, na Kiswahili cha Kongo na Burundi utakisikia mpaka kwenye foleni ya duka la vyakula. Kinyozi wangu ni mtu wa Bukavu. Jumamosi duka lake huwa limejaa, na miongoni mwa wateja wake wa kudumu yuko mzee mmoja Mmarekani mweusi, fundi umeme mstaafu, ambaye hajawasamehe Marvel hadi leo. Chadwick Boseman, aliyemcheza T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda, alifariki Agosti 28, 2020 kwa saratani ya utumbo mpana, akiwa na miaka 43. Sisi tuliokulia mbele ya video tukiamini kwamba stelingi hafi, ilitubidi tumeze. Desemba ya mwaka huohuo Marvel ikatangaza kwamba nafasi ya T'Challa haitapewa mwigizaji mwingine, na mashabiki maelfu wakatia saini kudai apewe. Mzee wa Clarkston alikuwa upande huo na hajahama. Batman, anasema, amechezwa na watu wangapi? Mbona hakuna aliyemzika Batman? Mfalme mmoja mweusi tumempata, kisha mwigizaji akifa na mfalme azikwe naye!

Hoja yake ina uzito, na nimeshindwa kumjibu zaidi ya mara moja. Kwake Wakanda ndiyo nchi ya Afrika pekee anayoweza kusema ni yake bila mtu kumuuliza ukoo. Mimi naweza kupiga simu Mombasa. Yeye hana pa kupiga.

Kinyozi anazipenda filamu hizo kwa sababu nyingine. Mapema katika sehemu ya pili tunawaona mamluki wa Kifaransa wakivamia kituo cha Wakanda nchini Mali kutafuta vibranium, madini adimu ya Wakanda, kisha Malkia Ramonda, mama yake T'Challa, anawafikisha mateka hao mbele ya mataifa kule Geneva. (Waziri wa Ulinzi wa Ufaransa wa wakati huo, Sébastien Lecornu, alilalamika hadharani mwaka 2023. Duka zima lilifurahi siku ile.) Mtu wa Bukavu hahitaji kufafanuliwa vibranium ni nini. Nchi yake ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, na koltani ya Kivu imeshawalipia wenye bunduki wa kila namna. "Hawa walificha yao," huniambia huku akipuliza nywele kwenye mashine. "Sisi yetu waliiona mapema."

Kule nyumbani swali la nani achukue nafasi ya T'Challa halikuwahi kuwasha moto wa namna hiyo. Sababu imo kwenye filamu yenyewe. Mwishoni mwa sehemu hiyo ya pili, Wakanda Forever, iliyotoka Novemba 2022, Nakia anamtambulisha Shuri, dada yake T'Challa, kwa mtoto wa kiume aliyelelewa Cap-Haïtien, nchini Haiti. Jina lake la huko ni Toussaint. Jina lake la nyumbani ni T'Challa, mwana wa Mfalme T'Challa. Atlanta watu walishangaa, wengine wakalia. Mombasa dada yangu alisema tu, "Basi si amerithi jina? Mnachotaka tena nini?" Kwetu na kwa makabila mengi ya Kenya, jina likishapata mtoto, aliyeondoka ameshapata pa kukaa. Kwa dada yangu kesi ilifungwa siku ileile.

Kilichomkera dada yangu ni Nakia. Yule mwanamke hakuja mazishini! Na ni kweli: alikuwa ameshahamia Haiti kulea mwanawe na kuendesha shule, na T'Challa alipofariki hakurudi. Baadaye anaeleza kwamba wawili hao walikubaliana hivyo, na kwamba yeye na mtoto walimwomboleza kwa namna yao kulekule. Nimeisikia hoja hiyo ikitetewa kwa Kiingereza fasaha na mashabiki wa hapa. Nimejaribu kuipeleka Bamburi. Haikupita hata getini.

Nami namwelewa Nakia kuliko ninavyothubutu kumwambia dada yangu. Kwetu maiti haingoji ndege. Mtu akifariki alfajiri, alasiri ameshazikwa, na aliye Georgia hata tiketi hajapata. Baba alizikwa hivyo. Nilimwona akipelekwa makaburini kwenye simu, picha ikiganda kila jeneza lilipopita chini ya miti, na hitma nikaifanya sebuleni kwangu na Wazanzibari wawili na jirani Msomali. Kwa hiyo Lupita alipotokea ufukweni mwa Haiti, mimi sikuona mwanamke mkaidi. Lakini hilo ni la moyoni. Hoja ya dada yangu bado imesimama.

Sasa ndipo ugomvi wenyewe wa filamu ya tatu unapoingia. Mashabiki wengi wa huku wanataka Toussaint akuzwe haraka, kwa hila yoyote ile ya sayansi au ya miujiza, arudi akiwa kijana wa kiume na apewe kiti. Wanamtaka T'Challa wao, na mtoto ndiye mlango. Mwanangu, aliyezaliwa hapahapa Georgia, ni mfuasi mkubwa wa kundi hilo. Anaamini kabisa kwamba mtu anaweza kulelewa mbali, akashuka uwanja wa ndege siku moja na kukuta watu wamempangia mstari.

Mpwa wangu wa Bamburi yuko na M'Baku. Wanaokumbuka watakubali kwamba M'Baku ndiye aliyekuja Maporomoko ya Mashujaa mwishoni mwa sehemu ya pili kudai kiti, Shuri mwenyewe asipotokea. Ni mtu wa milimani, wa kabila la Jabari, aliyekuwa akichekwa kwamba ni mshamba. Hajawahi kuhamia ng'ambo. Namor alipoufurisha mji mkuu na Malkia Ramonda akafa maji, waliopoteza makazi walipokewa milimani kwake. Nilipomuuliza mpwa wangu kwa nini hamtaki mrithi halali, alinijibu kwa swali: "Mjomba, huyo Toussaint alikuwa wapi maji yalipoingia?"

Nilicheka. Kisha nikaona kwamba hakuwa anazungumzia Toussaint peke yake.

Nina kaka yangu mkubwa anayeishi katika nyumba ya wazazi wetu. Yeye ndiye anayejua bomba lipi linavuja, nani amesogeza ukuta kwa hatua mbili, na mama anatakiwa kupelekwa kliniki lini. Mimi hutuma fedha. Kila nikienda, watu hunikalisha kiti kizuri, huniuliza maoni yangu kuhusu paa, na kaka yangu hukaa kando akisikiliza mgeni akiamua mambo ya nyumba anayolala yeye. Hajawahi kulalamika. Ni mtu mpole kuliko M'Baku. Lakini swali la mpwa wangu limenibadilisha upande, na sasa mimi, mtu wa ughaibuni anayeandika katika ukurasa wa ughaibuni, namshabikia aliyebaki.

Nikisema hivi Clarkston, hunikumbusha Killmonger. Filamu ya kwanza, ya mwaka 2018, ilitupa mtoto mwingine wa mbali: baba yake, mwana wa mfalme, aliuawa Oakland na ndugu yake mwenyewe, na mtoto akaachwa hapohapo kama mzigo usio na mwenyewe. Aliporudi alirudi na bunduki. Mzee fundi umeme anasema hiyo ndiyo gharama ya nyumbani kumfungia mtoto mlango, na kwamba wakimfungia na huyu wa Haiti watakuwa hawajajifunza. Namkubalia. Ninachokataa ni kufikiri kwamba dawa ya mlango uliofungwa ni kumkabidhi anayegonga funguo zote.

Filamu zenyewe, ukizitazama vizuri, zimetengenezwa na watu wa nyumba mbili. Florence Kasumba, yule Ayo wa kikosi cha walinzi, alizaliwa Kampala na kukulia Ujerumani. Daniel Kaluuya ni mtoto wa Waganda, mzaliwa wa London. Lupita alizaliwa Mexico, akakulia Kenya. Vitabu vya katuni huiweka Wakanda upande wetu, karibu na Ziwa Turkana, na ipo milima ya Ruwenzori iliyopigwa picha toka angani kwa ajili ya filamu ya kwanza, lakini watu wake huzungumza Kixhosa kwa sababu John Kani, aliyecheza mfalme mzee katika filamu nyingine ya Marvel mwaka 2016, alikuja na lugha ya kwao. Na sehemu kubwa ya nchi hiyo ilijengwa hapa Atlanta. Lile jumba la makumbusho la London ambamo Killmonger anauliza vitu vile vilipatikana vipi, kwa nje ni High Museum ya Mtaa wa Peachtree. Hupita hapo nikienda kazini.

Kwa hiyo ombi langu kwa Coogler si vita. Vita atatuwekea tu, na Denzel akiwemo tutapiga makofi. Nataka kikao. Mtoto arudi na mama yake, wakae chini na wazee, na M'Baku, aliye kwenye kiti, amuulize maswali ya kawaida: unamjua nani hapa, shamba la babu yako linapakana na nani, nani alimwosha bibi yako. Mtoto ashindwe mawili matatu. Watu wacheke lafudhi yake ya Kihaiti, na yeye acheke nao au anune, hilo namwachia mwandishi. Asifukuzwe. Asipewe kiti siku hiyo.

Mwanangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hakuna mtu atakayelipa tiketi kwenda kutazama kikao cha ukoo. Nikampelekea mpwa wangu wazo hilohilo. Amejibu kwamba ataenda, mradi mwenyekiti awe M'Baku na tiketi ilipwe na mjomba.