Kaenda Bandarini

Likizo ile ya chuo nilikuwa nauza vitenge dukani kwa kaka, Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Kazi yangu ilikuwa kukunja doti, kupokea pesa, na kupokea simu za wifi.

"Kaka yako yuko wapi?"

"Kaenda bandarini, wifi. Anafuatilia kontena."

Kontena moja lilifuatiliwa miezi miwili. Nilijua lilipo: ghorofa ya tatu, mtaa wa pili kutoka dukani.

Ndipo rafiki yangu akaniwekea kwenye flashi filamu ya Steven Soderbergh, Sex, Lies, and Videotape. Kwa jina lile nilifunga mlango kwanza. Kumbe muda mwingi watu wanaongea tu. Ni filamu ya 1989, ya bajeti ya dola milioni moja na ushei, ambayo mwaka huohuo ilitwaa Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes, mwongozaji akiwa na miaka 26. Iliwapa moyo wengi waliotaka kutengeneza filamu nje ya kampuni kubwa za Hollywood.

John, mwanasheria wa Baton Rouge, anatembea na Cynthia, ndugu wa damu wa mkewe, Ann. Anakuja Graham, rafiki wa zamani wa John, ambaye hurekodi wanawake wakisimulia mambo yao ya faragha. Siku Ann anapofanya usafi chumbani na kuokota hereni ya nduguye, anakwenda kukaa mbele ya kamera ile. Pale kuna mtu anamsikiliza.

Wanaoisimulia huwataja hao wanne. Mimi nilimwona wa tano: karani wa John, anayeambiwa aahirishe miadi ya wateja ili bosi aende kwa shemeji yake. Hana kosa. Anasema alichoagizwa. Nilisimamisha filamu pale, sikuweza kuendelea mpaka usiku wa pili.

Jumamosi wifi alikuja dukani mwenyewe. Nje spika za wamachinga zilikuwa zinapiga kelele za bei. Alivuta stuli, akakaa. Hakuuliza kaka yuko wapi.

"Wifi, na wewe ulikuwa unajua?"

Bandari ilinijia mdomoni. Nikaimeza.

"Nilijua."

Hakulia. Aliniambia alijua tangu mwezi wa kwanza, mtu wa ghorofa ileile alikwisha kumpa habari. "Sasa kwa nini ulikuwa unapiga kila siku?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nangoja siku utakayochoka."

Akaanza kusimulia, tangu mwaka wa harusi. Wateja wawili waliingia, wakaona nyuso zetu, wakatoka.

Kaka alininunia mpaka Idi, na dukani sikurudi tena. Wifi bado hupiga simu. Nikiona namba yake, mpaka leo, neno la kwanza linalonijia ni bandarini.