Nanosekunde Tatu

Nikiwa mwaka wa nne chuoni, jijini Kampala, nilimlaumu mwenzangu kwa kosa lililokuwa langu. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha tuliyogombana nayo. Yeye ametoka Bukavu, mimi Mbale, na tukiwa maabara hiyo ndiyo lugha tuliyoelewana vizuri zaidi.

Mradi wetu ulikuwa kuonyesha picha kwenye skrini kwa kutumia bodi ya mazoezi ya DE2, yenye chipu ya FPGA, yaani chipu ambayo saketi zake unazipanga mwenyewe. Tuligawana kazi. Mwenzangu alitengeneza kidhibiti cha skrini. Mimi nilitengeneza kidhibiti cha kumbukumbu ya nje, chipu ya SDRAM ya megabaiti 8 iliyo pembeni ya FPGA kwenye bodi hiyohiyo.

Skrini haina subira. Picha ya pikseli 640 kwa 480 ilidai pikseli moja kwa kila pigo la saa, mapigo milioni 25 kwa sekunde. Kumbukumbu ilikwenda kwa mapigo milioni 50, lakini haikutoa data mfululizo. SDRAM huhifadhi kila biti kama chaji ndogo ya umeme, na chaji hiyo huvuja. Ndiyo maana safu zake zote 4,096 lazima zihuishwe kila milisekunde 64, na wakati wa kuhuisha huwezi kusoma kitu. Kwa hiyo mwenzangu aliweka foleni katikati: ghala dogo linalojazwa kwa saa ya kumbukumbu na kuchotwa kwa saa ya skrini. Ni kama jerikeni za nyumbani. Bomba hutoka na kukatika, lakini mpishi huchota kila anapohitaji.

Tulipounganisha kazi zetu, picha ilitokea ikiwa imejaa chenga. Nukta nyeupe na za kijani zilirukaruka kila mahali. Nilisema papo hapo kwamba tatizo ni foleni yake. Sehemu yangu ilikuwa imefaulu majaribio yote kwenye kompyuta bila biti moja kupotea, na nilikuwa na karatasi za kuthibitisha hilo. Tena, kila alipobadilisha kitu upande wake chenga ziliongezeka au kupungua. Ushahidi gani zaidi ningehitaji? Siku ya kutoa taarifa ya maendeleo nilisimama mbele ya wenzetu nikasema, "Upande wangu umekamilika, tunamsubiri ndugu yangu." Yeye alinyamaza. Usiku ule alibaki maabara peke yake, akiandika foleni yake upya kwa mara ya tatu.

Wiki iliyofuata mhadhiri wetu msimamizi alikuja mezani, akatazama chenga zile, akaniuliza mimi swali moja: "Pigo la saa likitoka kwenye chipu yako, linafika kwenye kumbukumbu lini?"

Nilijibu, "Palepale."

Alicheka, akaondoka.

Katika majaribio ya kompyuta ni kweli linafika palepale, kwa sababu nyaya zangu za kompyuta hazikuwa na urefu. Kwenye bodi, pigo hupita kwanza kwenye njia za ndani za FPGA, kisha kwenye pini, kisha kwenye shaba ya bodi, ambako husafiri takriban sentimita 15 kwa nanosekunde moja. Pigo zima la saa yetu lilikuwa na nanosekunde 20 tu. Kumbukumbu husoma amri pale pigo linapopanda, na wakati huo data lazima iwe imetulia, kabla kidogo na baada kidogo. Pigo langu lilichelewa, likakuta data imeanza kubadilika. Na kila mwenzangu alipobadilisha sehemu yake, programu ilizipanga upya njia zote za ndani ya chipu, zangu zikiwemo. Ndiyo maana chenga zilibadilika. Ushahidi wangu dhidi yake ulikuwa ushahidi dhidi yangu.

Dawa yake ilikuwa imeandikwa katika maelekezo ya bodi, kwenye ukurasa nilioruka: saa inayokwenda kwenye kumbukumbu itangulie saa ya mfumo kwa nanosekunde 3. Niliandika namba hiyo kwenye saketi inayozalisha mapigo. Chenga zikaisha.

Hapa Kampala tunaishi na saa mbili. Kwa Kiingereza kipindi huanza saa nane asubuhi, na kwa Kiswahili au Kiganda ni saa mbili. Tofauti ni saa sita, lakini hakuna anayechelewa kwa ajili hiyo, kwa kuwa kila mtu anaijua na kuihesabu. Mimi nilidhani kusawazisha saa ni kuzifanya zilingane. Kumbe skrini na kumbukumbu zilikwenda kwa mwendo tofauti bila ugomvi, kwa sababu mwenzangu alikuwa ameihesabu tofauti hiyo. Mimi sikuihesabu yangu.

Siku ya uwasilishaji wa mwisho niliomba kuanza mimi. Kabla ya kueleza mradi, nilisema mbele ya watu walewale kwamba foleni ya mwenzangu haikuwa na kosa tangu mwanzo, na kwamba chenga zilitoka kwangu. Kisha tukawasha skrini. Picha ilikuwa safi. Mwenzangu alininong'oneza, "Sasa unipe na usiku wangu wa tatu."

Huo sijui nitaulipaje.